Gari la Maksai Juu ya Zulia

Watu wa nyumbani wakiniuliza nilifanya kazi gani Saudia, huwajibu kwamba nilifua, nikapika na kupanga nyumba. Ni jibu fupi na linawatosha. Lakini nyinyi wasichana mliobaki Riyadh na Jeddah, mliozoea kunipigia simu siku ya Ijumaa kuniuliza doa la zafarani linatokaje kwenye thobu, kanzu za kule, mnajua kwamba miaka yangu ya mwisho kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma. Nilikaa kitini, miguu nimeinyoosha, nikasoma kwa sauti vitabu vya historia ya Marekani. Mmoja wenu, simtaji, aliniita profesa wa jikoni. Basi profesa amestaafu, magoti yamekataa ngazi. Yuko kwao Wundanyi, mvua inanyesha, na kwa kuwa mmeniomba niandike, naandika. Madam Helen amenipa ruhusa, akaniagiza tu nisimfanye mtakatifu.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh, nyumba yenye watoto sita na thobu nyeupe zisizoisha. Nilifika na cheti cha mafunzo ya kazi za nyumbani nilichopewa na ajenti. Kwenye mafunzo hayo kulikuwa na mashine moja ya kufyonza vumbi, ambayo tuliitazama tu, kwa sababu mwalimu aliogopa tungeiharibu. Kwa hiyo siku ya kwanza madam aliponikabidhi mashine kama ile, niliipangusa vizuri kwa kitambaa nikairudisha kabatini.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Zuhura, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa katika nyumba ile muda mrefu kuliko baadhi ya watoto. Alinitazama nikipiga pasi thobu ya kwanza, kisha akaichukua ile pasi mkononi mwangu taratibu kabla sijaiunguza nguo, akaichomoa kwenye umeme. Alipomaliza kucheka ndipo akaniambia, "Wiki hii usiulize kitu, mwanangu. Tazama. Nani anywea chai wapi, nani akiamka hataki kusemeshwa. Ukishayajua hayo, kazi iliyobaki ni maji na sabuni." Nimewapa wengi wenu maneno hayo kama yangu. Ni yake.

Kiarabu pia nilijifunza kwake. Mwaka wa kwanza nilikuwa na yalla ya haya twende, halas ya basi imetosha na mafi ya hakuna, na kwa maneno hayo matatu nilidhani naongea lugha ya watu. Ajabu ni kwamba watu walinielewa.

Mtoto wa mwisho alipoanza shule, bosi wa Al-Naseem alikubali kuihamisha ikama yangu, kile kibali cha kuishi, kwa kafili mwingine, yaani mdhamini. Mama Zuhura ndiye aliyesikia kwamba kuna ajuza wa Kimarekani huko Al-Suwaidi, upande wa pili wa mji, anayetafuta mtu wa kumwangalia na anayejua kusoma Kiingereza. "Wewe si ulimaliza kidato cha nne?" akaniuliza. "Basi nenda ukakitumie kabla hakijaoza."

Madam Helen alikuwa amepita miaka themanini. Mrefu, mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, na mfuko wa abaya yake haukukosa peremende. Alikuwa ameolewa na kijana wa Kisaudi aliyekwenda kusoma katika mji wao, akamfuata Riyadh akiwa binti wa miaka ishirini na kitu. Sasa mume alikuwa amefariki, na mtoto wao wa pekee, Fahad, alikuwa na ofisi katika Bandari ya Jeddah na familia yake kulekule. Fahad ndiye aliyekuwa kafili wangu, lakini sina shaka kwamba bosi alikuwa mama yake. Tulizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu. Hapa naandika kwa Kiswahili ili sote tupumzike.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya rafu mbili za vitabu. "Unasoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne, madam."

"Sikukuuliza umemaliza nini."

Akanipa kitabu kinene. Nikasimama, nikasoma kama ninavyosoma somo la kwanza kanisani, kifua mbele, sauti ifike mpaka viti vya nyuma. Akaniacha nimalize ukurasa mzima. Kisha akasema, "Eliza, hawa watu wamekufa. Si viziwi."

Vitabu vile vyote vilihusu jambo moja: jinsi watu wake wa kale walivyoishi. Hakutaka habari za marais na vita. Alitaka kujua walilala juu ya nini, walipika nini, walifua lini. Aliniambia sababu yake bila kuzungukazunguka. Nyanya yake aliyemlea alikuwa mjukuu wa watu waliohamia magharibi kwa magari ya maksai, na alikuwa na hadithi nyingi, lakini Helen alikuwa msichana mwenye haraka. Akaondoka, akaolewa mbali, na nyanya akafa maswali yakiwa hayajaulizwa. "Kwa hiyo sasa nawauliza waandishi," akasema. Macho yake yalikuwa yanaisha. Alikuwa na kioo cha kukuzia maandishi kikubwa kama sahani, lakini hata nacho aliweza mstari mmoja kwa mapumziko mawili. Mimi nikawa macho.

Sikilizeni ushauri wangu wa kikazi: ukimsomea mzee, usisome kama redio. Simama umuulize kitu. Mimi nilianza kwa bahati mbaya, tulipofika kwenye habari za kuoga. Kitabu kilisema familia ilioga Jumamosi, katika beseni moja, maji yaleyale, baba kwanza, kisha mama, kisha watoto kwa kufuatana.

"Madam, subiri kidogo. Maji yaleyale?"

"Yaleyale."

"Na mtoto wa mwisho alikuwa anaoga au anapakwa matope?"

Alicheka mpaka akatoa miwani. Toka siku hiyo wale wazee wake wakawa majirani zetu. Tuliwasengenya. Nilimwambia kwamba watu wake, pamoja na ujasiri wote, walipikia samadi kavu ya nyati, na sisi kwetu hata samadi ya ng'ombe wa jirani hatujafika kuipikia. Naye alikuwa na yake. Alisema nyanya wa nyanya yake alitengeneza sabuni kwa majivu na mafuta ya nguruwe, ilhali mimi nawasha mashine nzima kwa taulo mbili. Alisema kama ningekuwa kwenye ule msafara, wangeniacha kwenye mto wa kwanza, nikiulizia soketi ya pasi. Kulikuwa na habari ya ndoo ya maziwa iliyoning'inizwa chini ya gari asubuhi, ikatikiswa na barabara mpaka jioni ikawa siagi. Niliipenda sana hiyo. Nikamwambia Fahad kwamba akija na gari tuijaribu kwenye barabara ya Jeddah. Fahad hakuona kichekesho.

Siku moja tulisoma kwamba walikula uji mzito wa unga wa mahindi karibu kila siku, nikafurahi, nikamwambia hiyo ni sima, hao ni watu wangu. Nikatafuta unga soko la Batha, nikasonga kwa moyo wote. Madam akaonja, akakiweka kijiko chini, kisha akasema, "Sasa najua kwa nini walikuwa wanahama." Sima yote nikaila mwenyewe, na sikusikitika.

Kulikuwa na ubishi mmoja tu wa kweli. Safari za wale watu zilijaa makaburi. Watoto walizikwa kando ya njia, na magari yakapita juu ili wanyama wasifukue. Mimi nilikuwa namsomea mjane wa miaka themanini, peke yake, saa za asubuhi, kabla hajanywa dawa. Nikifika hapo nilikuwa naruka. Nilidhani nafanya kwa ustadi. Ikafika siku akainua mkono.

"Eliza, ile familia ilikuwa na watoto watano kabla ya mto. Sasa wanne. Wa tano yuko wapi?"

"Labda yuko nyuma na ng'ombe, madam."

"Rudi. Msome."

Nikarudi, nikamsoma, msichana wa miaka mitatu. "Ukipandisha sauti," akaniambia, "najua unaruka kaburi." Sikuruka tena. Wazee wanajua mambo yanavyokuwa, na kuwaficha ni kuwaacha wayabebe peke yao.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu. Madam Helen alianguka bafuni mara mbili katika majira yaleyale ya baridi. Mara ya pili nilikuwa nimekwenda dukani, na niliporudi nilimkuta sakafuni, mkono umekunjwa vibaya, akiniuliza kama maziwa yalikuwepo. Niliogopa. Fahad naye aliogopa zaidi. Akasema mama ahamie Jeddah, chumba cha chini kipo, mkewe Hanan yuko nyumbani, binti yake Lama yuko nyumbani, na mkataba wa nyumba ya Al-Suwaidi unakaribia kwisha, mwenye nyumba anataka jibu.

Madam akasema haendi. Fahad akapiga simu kila Alhamisi, akabembeleza kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Jibu likawa mafi, hakuna. Mimi aliniambia kilichomkaa rohoni nilipokuwa namfunga nywele. "Nilihama mara moja. Nilikuja hapa, nikawa mtu wa hapa, na kazi hiyo ilinichukua maisha. Kule Jeddah kila mtu ana shughuli zake. Mimi nitakuwa kabati. Nitasukumwa ukutani, nipanguswe vumbi, na wageni wataoneshwa." Hakukosea, maana nimeona nyumba ambazo wazee wamekuwa kabati. Lakini nilijua pia kwamba mara ya tatu bafuni ingeweza kuwa ya mwisho.

Wiki hiyo tulikuwa kwenye sura inayoeleza namna wale wahamiaji walivyopakia. Walijaza kila kitu: makabati, majiko ya chuma, saa za ukutani. Kisha maksai wakachoka, na vitu vikatupwa njiani, ukiifuata njia unakutana na viti vya watu vimesimama nyikani. Madam akawadharau. "Wapumbavu. Kitabu chao cha mwongozo wa safari kilikuwa kinawaambia wazi wabebe unga, nyama kavu, blanketi."

"Wewe ungebeba nini?"

"Nisingekuwa na jiko la chuma, hilo moja."

"Ni rahisi kusema, madam. Una mabirika kumi na moja ya kahawa."

Akanikodolea macho yasiyoona vizuri. Nilikuwa nimemgusa, maana mtu huyu alikuwa na roho ya ushindani, hata karata alicheza kama anagombea kiti cha ubunge. Akaniambia nilete uzi. Kitabu kilitaja ukubwa wa lile gari la maksai, urefu na upana, na mimi nikachukua utepe wa kupimia na uzi mweusi wa sufu, nikalichora gari zima juu ya zulia la majlisi, sebule ya wageni. Lilikuwa dogo kwa kushangaza. Tukalitazama kama watu wawili walioletewa mzigo usio wao.

Tulipakia kwa siku kadhaa, baada ya chai. Yeye alikaa kitini na mkongojo, akielekeza, mimi nikibeba. Kabati la vyombo halikuingia. Mabirika kumi yalitoka, likabaki moja lililokuwa la mama mkwe wake. Bishti, lile joho la marehemu mumewe, iliingia bila mjadala. Vitabu vilipunguzwa, vikarudishwa, vikapunguzwa tena, na hapo nilisikia akiguna. Mimi niliingiza mashine ya kufyonza vumbi, maana siku hizi naijua na ninaipenda. Akaisukuma nje kwa mkongojo. "Mwaka ule hakukuwa na umeme, Eliza." Niliposema basi aache na dawa za presha, alisema nisimletee ujinga.

Fahad akaja mwisho wa wiki bila kutupigia. Akasimama mlangoni, akaona mali ya mama yake imekaa ndani ya mstari wa uzi, safi kabisa, na sehemu nyingine ya nyumba imebaki kama duka. Uso ukamng'aa. "Mama, umeamua kuhama?"

Nikamwomba Mungu amfunge mdomo. Madam akasema, "Tunasoma."

Halafu akageuza uso, akatazama pale kwenye zulia. Nadhani aliona nilichokiona mimi siku nyingi, kwamba maisha yake yote ameshayapunguza, na yanatosha, na kilichobaki ni kuondoka. Au labda alichoka tu kubishana. "Mpaka Ramadhani iishe," akasema. "Nyumba hii usiirudishe. Eliza anakuja. Na hilo gari lako liwe na kiyoyozi, maana wale wengine walikuwa vijana."

Basi tukaenda. Kila kitu kilikaa kwenye lori dogo moja, na nilifurahi kama niliyeshinda kesi, mpaka tulipofika.

Jeddah si Riyadh. Riyadh joto linakukausha. Jeddah linakuvalisha nguo mbichi. Nyumba ya Fahad ilikuwa nzuri, Hanan alikuwa mpole, chumba kilikuwa na dirisha kubwa. Lakini madam alikataa kufungua maboksi. Sanduku lake lilisimama karibu na mlango. Nikilisogelea, ananiambia, "Sisi ni wageni, Eliza." Mezani alishukuru kwa kila kitu, kwa sauti ya mtu anayekunywa chai kwa jirani. Fahad alikwenda bandarini asubuhi, Hanan alikuwa na ndugu zake, Lama alikuwa na chuo na simu. Hakuna aliyemkosea. Ndivyo mtu anavyogeuka kabati, na mimi nilikuwa nikiona kwa macho yangu. Nilimsomea zaidi kuliko zamani. Alisikiliza, lakini aliacha kuwacheka wazee wake, na hilo lilinitia hofu kuliko bafu. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, na siku ya kumjibu mwenye nyumba wa Riyadh ikafika. Sanduku bado liko mlangoni.

Siku hiyohiyo kiyoyozi cha chumba cha Lama kiliharibika. Lama ana miaka kumi na tisa, msichana mzuri, asiye na ubaya, na vitu viwili vya masikioni ambavyo nilidhani alizaliwa navyo. Alasiri akashuka, akajitupa kwenye kochi la bibi yake, na kama mtu anayezungumza peke yake, akasema, "Nakufa. Wallahi nakufa kwa joto."

Madam, bila kugeuka, akasema, "Hakuna aliyekufa. Tulikuwa tunalowesha mashuka."

"Mashuka gani?"

"Ya kulalia. Unalilowesha, unalipandisha darini, unajifunika. Kabla halijakauka umeshalala."

Lama akatoa kimoja masikioni. "Mlilala darini? Nje? Watu wote?"

"Watu wote. Wanaume upande ule, sisi upande huu, na mama mkwe wangu katikati kama polisi. Mimi nilikuwa sijui hata neno la kumwambia nimeng'atwa na mbu."

Akatoa na cha pili. Nilikuwa nimeshika kitabu, kidole kwenye ukurasa. Nikakiteremsha mapajani.

Madam akaendelea. Jinsi alivyofika Riyadh na viatu vya visigino na njia yote mchanga. Jinsi mama mkwe alivyomfundisha kukaanga buni kwa kumshika mkono, na buni za mara tatu za kwanza zilivyoungua, na baba mkwe akazinywa hivyohivyo. Kiyoyozi cha kwanza, sanduku la bati lenye nyasi zilizolowa ndani, lililonuka kama zizi. Barua kutoka kwao iliyokuja imeshapitwa na msiba iliouhofia. Mimi nilikaa naye miaka, na mengi ya hayo sikuwahi kuyasikia. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nashughulika na wazee wake waliokufa.

"Na maji?" Lama akauliza. Alikuwa ameshakaa chini, miguu ameikunja.

"Yalikuja na lori."

"Lori moja? Ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia? Maji yaleyale?"

Sikumtazama madam. Madam hakunitazama. Lakini nilimwona bega likitikisika, na alicheka, kicheko kile cha kutoa miwani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Riyadh.

"Kaa vizuri," akamwambia mjukuu wake. "Nitakueleza habari ya tangi."

Hapo ndipo Fahad alipoingia, ametoka kazini, simu mkononi, jasho limemtoka. Alikuwa amejiandaa kwa vita. "Mama, yule mwenye nyumba wa Suwaidi yuko kwenye simu. Anataka jibu sasa. Tunaongeza mkataba au tunarudisha funguo?"

Madam akainua mkono bila kugeuza kichwa. "Subiri, Fahad. Bado sijafika kwenye tangi."

Fahad akabaki amesimama, hajui amwambie nini mtu wa kwenye simu. Akanitazama mimi. Nikamnong'oneza arudishe funguo, nikaenda mlangoni, nikalichukua sanduku kulifungua.